Taa Moja Upande wa Pili wa Bonde

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kamera saa mbili asubuhi na nikanyang'anywa saa mbili na robo. Mkuu wa Kitengo cha Picha, mzee mrefu kutoka upande wa ziwa ambaye alivaa koti jeupe utadhani ni daktari, alinisimamisha mbele ya dirisha la ofisi yetu mjini Kericho akaniambia nimwonyeshe mkaratusi uliokuwa kushoto mwa shamba la chai. Nikainama juu ya kamera, maana kamera zile hazikuwekwa jichoni. Ulizitazama kutoka juu, kama mtu anayechungulia sufuria. Mti nikauona. Nikageuza kamera ili niuweke katikati, nao ukakimbia. Nikageuza zaidi, ukatoka kabisa kwenye kioo.

"Umesoma mpaka wapi, Wesley?" Mkuu akauliza.

"Form four, sir."

"Na huko hawakukufundisha kwamba kioo kinageuza vitu? Kushoto ni kulia, na kulia ni kushoto. Rudisha hiyo kamera kabla hujaniangushia."

Kwa miezi mingi baada ya hapo sikupiga picha hata moja. Nilibeba. Nilikuwa nimetoka Chepseon nikijua kubeba debe la maziwa mpaka barabarani, kwa hiyo mgongo ulikuwepo. Nilibeba ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, wakati huo ikiwa ya mbao na mizito ajabu, nikabeba sanduku la lenzi, nikabeba mpaka chakula cha Mkuu. Jioni nilifagia chumba cha giza, ambamo picha zilisafishwa. Niliapa kwamba sitarudi Chepseon kuambiwa nimeshindwa na sanduku lenye kioo.

Nieleze kidogo kuhusu vifaa, maana wajukuu wangu huniuliza kama kamera yangu ilikuwa na chaja. Haikuwa nayo. Ilitumia filamu pana, upana wa vidole vitatu vya mtu mzima, iliyoviringishwa pamoja na karatasi nyeusi ili mwanga usiingie. Kila roli ilitoa picha kumi na mbili za mraba, basi. Wapiga picha wa harusi walikuwa na kamera ndogo za picha thelathini na sita, na walitucheka sana. Lakini negativu yetu, yaani ile filamu iliyosafishwa ambayo picha hutolewa kwayo, ilikuwa kubwa. Hata ukiikuza ikatosha mlango, bado uliweza kuwahesabu wachuma chai shambani mmoja mmoja. Kampuni ya chai iliyotuajiri ilitaka hivyo, kwa sababu picha zetu zilikwenda kwenye kalenda na kwenye kuta za ofisi za wanunuzi ng'ambo.

Pamoja na kamera kulikuwa na daftari. Kila picha iliandikwa humo: mahali, saa, tundu la lenzi limefunguliwa kiasi gani, mwanga umeingia kwa muda gani. Safu ya mwisho iliitwa Sababu. Mkuu alitaka uandike kwa nini umepiga picha hiyo, kwa maneno machache. Nilipoandika "Pazuri" siku ya kwanza, alichora mstari mwekundu juu yake.

"Pazuri ni kila mahali huku," akasema. "Hata choo chetu kinaangalia chai. Mimi nataka kujua kwa nini umetumia filamu ya watu."

Kazi yangu ya kwanza nje ya Kericho ilikuwa Kipkelion. Nilitumwa kupiga vilima vya mahindi na malisho juu ya reli ya zamani, kwa ukurasa mmoja wa kalenda. Nilikuwa chini ya Afisa wa Nyanjani, mtu mwenye haraka kiasi kwamba alikula muhindi akitembea. Wingu moja lilikuwa limekaa juu ya bonde, na kivuli chake kilikuwa kimefunika nusu ya vilima. Afisa akatazama saa yake.

"Piga twende. Wingu ni wingu."

"Likitoka nitapiga, sir."

"Na lisipotoka?"

"Nitalala hapa."

Alidhani namtania. Aliondoka na gari, nikabaki na miguu yangu mitatu pale juu ya reli tangu saa nne hadi saa kumi na dakika tano, wingu lilipohama. Nilipiga picha mbili na nikatembea hadi mjini. Nawaambia hili ili mjue kazi yenyewe ilikuwa nini hasa. Kubonyeza ni sehemu ndogo sana. Sehemu kubwa ilikuwa kusimama mahali na kukataa kuondoka.

Halafu nikahamishwa kwenye kazi ya usiku, na huko ndiko kichwa changu kigumu kilipata kazi ya kufaa. Usiku filamu huwa mvivu. Mchana ukiiachia mwanga mara mbili, inafanya kazi mara mbili. Gizani inachoka. Kipima mwanga kinakuambia dakika tano, na ukiipa dakika tano unapata karatasi nyeusi. Unaipa kumi na tano, pengine ishirini, na muda huo wote kamera isitikisike hata kidogo, ndiyo maana tulifyatua kwa waya mrefu badala ya kidole. Katika dakika hizo nyota zinatembea. Kwenye picha zinatoka kama mikwaruzo mifupi. Mtu akipita mbele ya lenzi haonekani kabisa, lakini akipita na tochi, anakuchorea nyoka wa moto katikati ya shamba. Tulitegemea mwezi mpevu, maana mwezi ndio uliotuonyesha chai yenyewe, kwa hiyo nafasi ilikuwa siku tatu au nne kila mwezi, kama ukungu utakubali.

Nilikuwa na miaka michache kazini nilipotumwa Mogogosiek. Meneja wa Kiwanda, mtu mfupi ambaye sikuwahi kumwona ameketi, alitaka picha ya kiwanda usiku kwa jalada la kalenda.

"Mashine zikiwa zinafanya kazi, taa zote zimewaka, mvuke unatoka," akasema. "Na mwezi pia nautaka."

Nilizunguka siku nzima nikitafuta pa kusimama. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kufaa, uani kwa mama mmoja mzee upande wa pili wa bonde, juu kabisa ya mteremko wa mashamba madogo. Kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya. Aliishi peke yake. Mumewe alikuwa amefariki, na binti yake Chebet ameolewa Bomet. Nilimwomba ruhusa mchana, na saa moja jioni nikasimamisha kamera yangu ukingoni mwa chai yake, baridi ikianza kuuma masikio. Sikuwa nimemaliza kukaza skrubu Kogo alipotoka jikoni.

"Chamgei, weri," akanisalimu kwa lugha yetu, yaani hujambo, kijana.

"Chamgei mising, Kogo."

"Unasimama nje na baridi hii kama ng'ombe ya nani? Ingia, chai iko."

"Wacha nimalize kazi kwanza, Kogo."

"Kazi itakuja kukunywa na wewe. Leta hiyo kitu yako pia. Kwangu mgeni haachi mzigo yake nje. Watu watasema nimekufukuza."

Nyinyi mnaotoka kwetu mnajua hapo sikuwa na la kusema. Kukataa chai ya nyanya wa watu ni matusi, na kuacha mzigo wako mlangoni ni kama kusema huamini nyumba. Nikang'oa kamera, nikaingia nayo. Jikoni moto ulikuwa mkubwa, maziwa yanachemka, mvuke umejaa mpaka kwenye paa. Kamera nikaipumzisha kwenye kigoda kando ya jiko. Nikanywa vikombe vitatu, kwa sababu kikombe kimoja ni cha mtu mwenye hasira. Kisha nikatoka na kupiga roli nzima nikijipongeza.

Siku chache baadaye Mkuu alizitundika negativu zangu mbele ya taa akazitazama moja baada ya nyingine, mpaka ya kumi na mbili.

"Wesley," akasema, "umenipigia uji."

Kioo kilichokuwa baridi kilikutana na mvuke wa jikoni, na ukungu ukajiweka ndani kabisa, kati ya vioo vya lenzi, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Niliona aibu ambayo sijaisahau. Nilieleza habari ya chai. Mkuu alivua miwani.

"Wewe unakunywa chai. Kamera haikunywi. Una mwezi mmoja. Ukiniletea uji tena, utarudi kufagia."

Nilirudi Mogogosiek nikamweleza Kogo ukweli. Alishika mdomo. "Kumbe ni chai yangu imeharibu kazi ya mtu?" Hakulala nalo. Mwezi ulipojaa tena nilikuta ameshatoa vigoda viwili nje, birika limefunikwa kwa sweta, na mkononi ana aproni yake ya plastiki, ile wachuma chai wanayofunga kiunoni ili umande usiwaloweshe. Akaivisha kamera yangu, akaacha lenzi tu wazi, akaifunga kwa kamba ya katani. Mpaka nastaafu sijaona kinga ya umande iliyoshinda aproni ile. Nikafyatua, tukakaa, tukanywa chai.

"Hii bicha yako inakula usiku mzima?"

"Inakula polepole, Kogo. Dakika kumi na tano."

Aligeuza uso kuelekea kiwandani, lakini niliona kwamba hautazami kiwanda. Alikuwa anatazama pembeni kidogo, pasipo na kitu. Kisha akaniambia mambo yake, kwa sauti ile ile ambayo angeniambia bei ya mbolea.

Mumewe alikuwa mtu wa boila, zamu ya usiku, miaka mingi. Kila jioni Kogo alitundika taa ya mafuta kwenye msumari juu ya mlango ili mzee akitoka kazini aone njia ya kupandia kutoka mtoni. Mzee alipofariki hakuacha kuitundika, kwa sababu vijana wa zamu walimwambia wanaitumia hiyo hiyo. "Kila mtu hapo kiwandani anaijua taa yangu," akasema. "Mimi peke yangu ndio sijawahi kuiona. Ikiwa imewaka mimi niko chini yake. Na nikienda ng'ambo, nani ataiwasha?" Sasa macho yake yalikuwa yanaisha. Mbali alikuwa haoni tena chochote. Kitu cha karibu alikiona bado, akikiweka mbele ya pua penye mwanga, lakini daktari wa macho alikuwa amemwambia kwamba mwaka hautaisha kabla hata hicho hakijaondoka.

"Hiyo kitu yako inaleta mbali karibu, si ndio?"

"Ndio, Kogo."

"Basi niletee taa yangu niione."

Nilikubali haraka, kama mtu anayekubali kupeleka salamu. Sikujua nimejifunga na nini.

Picha ya kiwanda ilitoka vizuri na Meneja akaridhika akiwa amesimama. Nilipomwendea Mkuu na ombi la Kogo, hakuinua kichwa kutoka mezani. "Kampuni haipigi taa ya mtu. Filamu ya kampuni haitoki." Niliposhika mlango akaongeza, "Kamera ikitoka kazini Ijumaa, Jumamosi inalala. Mimi sijui inalala wapi." Nilimwelewa. Nikanunua roli moja kwa pesa yangu, ndiyo ya mwisho iliyokuwa dukani, na tarehe yake ilikuwa imepita. Picha kumi na mbili za taa moja, nikaona ni nyingi mno.

Jumamosi ya kwanza nilisimama kwenye kilima cha matangi ya maji nyuma ya kiwanda, nikielekea mteremko wa Kogo. Niliiona taa, ndogo, ya manjano, peke yake juu kabisa. Nikafyatua, na dakika tatu baadaye ukungu ukapanda kutoka mtoni ukafuta mlima mzima. Ulipoondoka nikafyatua tena. Ukarudi. Tulicheza mchezo huo mpaka usiku wa manane na nikapoteza picha sita. Nilishuka kilima nikiwa nimelowa na nimekasirika, na nilikuwa nimeshaamua nitarudi.

Mwezi uliofuata hakukuwa na ukungu hata kidogo. Nilipanda kilima saa moja na nusu, nikatazama ng'ambo, nikadhani nimepotea. Mteremko wote ulikuwa unawaka. Taa kila mlango, koroboi kila dirisha, tochi zimetundikwa kwenye miti ya parachichi, na kwenye boma moja mtu alikuwa amewasha taa zote mbili za trekta na kuzielekeza kwangu.

Kogo alikuwa ametaja tu kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai kwamba yule mtu wa kalenda atapiga picha ya mteremko Jumamosi usiku. Kina mama wakapeleka habari kanisani. Pasta akatangaza. Nani angekubali jirani yake aingie kwenye kalenda, yeye abaki gizani? Nilipiga nikingoja walale. Hawakulala. Walikuwa wamekaa nje na watoto wao wamevaa nguo za Jumapili, wakingoja kupigwa picha kutoka ng'ambo ya bonde, na ilipofika saa nne bado nilisikia wakiimba. Nilicheka mwenyewe pale kilimani kwa uchungu, maana nilikuwa nimebakiwa na picha moja, na taa ya Kogo hata mimi sikujua ilikuwa ipi kati ya zile zote.

Asubuhi yake nilivuka mto nikamfuata Kogo kanisani. Ibada ilipokwisha nilimwendea mzee wa mtaa nikamwomba mwezi ujao watu wazime taa kwa nusu saa. Alinitazama kwa hasira ya haki.

"Umetuita tukakuja, sasa unatufukuza?"

"Sikuwaita, mzee."

"Lakini tulikuja! Mimi nimemaliza mafuta ya wiki. Kwa nini ni taa ya huyu mama peke yake? Yeye ni nani?"

Jibu halikuwa langu kulitoa. Habari ya macho Kogo alikuwa ameificha kwa kila mtu. Alikuwa bado anachuma chai yake kwa kupapasa, na alijua watu wakisikia, yeye atapelekwa Bomet kwa Chebet kukaa kwenye kiti. Kogo, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akagonga fimbo yake kwenye sakafu mara mbili. Watu waliokuwa wanatoka wakasimama mlangoni.

"Macho yangu imeisha," akasema. "Nilikuwa nawaficha. Nikisalimia mtu najua kwa sauti. Kabla haijafunga kabisa nataka kuona taa yangu, ile mzee wangu alikuwa anafuata. Sitaki mnipe kitu. Nusu saa tu, mniachie giza."

Mzee wa mtaa alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Kisha akamgeukia yule mwenye trekta. "Na wewe ndio nitakuja kukuangalia wa kwanza," akamwambia.

Mwezi huo wa kungoja ulikuwa mrefu kuliko mwaka. Mvua zilikuwa zimekaribia, na nilijua zikianza hakutakuwa na usiku safi kwa muda. Niliposikia kwamba Kogo sasa anaweka kikombe mezani na kukikosa, sikulala vizuri. Nilijiambia nitapanda kilima kile nikiwa na homa, nikiwa sina kazi, vyovyote.

Jumamosi ilipofika kulikuwa na mawingu mpaka saa mbili, halafu upepo ukayasukuma. Mwezi ukatoka. Mteremko ulikuwa na taa zake za kawaida za jioni, majiko yanawaka, milango iko wazi. Nilikaza kila skrubu. Niliivisha kamera aproni ya Kogo, ambayo alikuwa amenipa niwe nayo. Saa mbili na nusu kengele ya kanisa ililia mara moja, nikaona kitu ambacho sijakiona tena maishani. Taa zilianza kuzimika kutoka chini, mlango kwa mlango, zikapanda mteremko mpaka juu. Hata trekta ilinyamaza. Ikabaki moja.

Nikafyatua. Nilihesabu dakika ishirini kwa saa ya mkono, na mkono wenyewe niliuweka mbali na kamera. Upepo ulikuwa ukija na kuondoka na nikaogopa taa inayumba kwenye msumari wake, lakini kutoka pale sikuweza kujua. Dakika ya ishirini nikafunga. Kengele sikuwa nayo, basi nikawasha na kuzima tochi mara tatu kama tulivyokubaliana. Taa zikarudi moja moja, na nikasikia mtoto akilia mahali, na redio.

Jumatatu nilikuwa chumba cha giza kabla ya kazi. Mkuu alinikuta nikiwa na negativu mkononi na daftari liko wazi mezani, maana hata roli yangu mwenyewe nilikuwa nimeiandika yote, uji wote na aibu yote. Alisoma ukurasa mzima. Kwenye safu ya Sababu, mstari wa kumi na mbili, nilikuwa nimeandika: "Hajawahi kuiona."

Alisoma hapo kwa muda mrefu kuliko maneno mawili yanavyohitaji.

"Picha moja kati ya kumi na mbili," akasema. "Ingekuwa ni filamu yangu ningekufuta." Akaenda kabatini, akarudi na karatasi ile nzito tuliyoiweka kwa wageni wakubwa, akaiweka mbele yangu. "Usisafishie kwa karatasi nyepesi. Itachakaa." Akatoka na kufunga mlango polepole ili mwanga usiingie.

Nilimpelekea Kogo picha kabla rangi ya dawa haijatoka kwenye vidole vyangu. Mlima ulikuwa mweusi wote, na chini yake chai imeshika mbalamwezi kidogo kama majivu. Nyota zote zilikuwa zimesogea, zimechora mikwaruzo. Katikati ya weusi ule ilikaa nukta moja nyeupe. Kogo alikaa mlangoni penye jua, akaileta picha mpaka puani, akaanza kuisogeza kushoto na kulia, taratibu. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye mrija. Nilisimama pale nikiomba kwa nguvu zangu zote. Mkono ukasimama.

"Ni kadogo."

"Ni mbali, Kogo."

"Lakini kanaonekana."

"Kanaonekana mpaka kiwandani."

Machozi yalishuka na hakuyapangusa, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. "Kumbe hii ndio mzee alikuwa anaona," akasema. Halafu akauliza kwa nini taa imevimba upande mmoja. Nikamwambia labda upepo uliitikisa kwenye msumari.

"Msumari gani? Niliona upepo itaniharibia, nikaishika na mkono."

Mama mwenye umri ule, dakika ishirini, taa juu ya kichwa, kwenye baridi ya Mogogosiek. Nami nilikuwa ng'ambo nikidhani mwenye kazi ni mimi.

Mvua zilianza wiki hiyo. Kabla ya mwaka kwisha macho yake yalifunga, kama daktari alivyosema, na Chebet akaja kumchukua.

Mengine ni ya kawaida. Nilipanda ngazi, Mkuu akastaafu na kurudi ziwani, nikarithi koti lake jeupe na ukali wake. Kamera za kidijitali zilipokuja, vijana wapya walipiga picha mia nne kabla ya chai ya saa nne, na niliwalazimisha kuandika sababu ya tano tu. Walinichukia, kisha wakazoea. Chumba cha giza kikawa stoo ya karatasi. Kwenye mashamba makubwa mashine sasa zinakata chai palipokuwa na watu thelathini, na picha za wale thelathini zimo kwenye negativu zetu, mmoja mmoja, na unaweza kuwahesabu. Siku ya kuniaga walinipa kamera yenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuitumia. Niko nayo hapa Chepseon. Siku za mwezi mpevu bado naitoa, ingawa magoti yananipigia kelele. Ukiniuliza nimejifunza nini, nitakuambia usiondoke mapema. Sina jingine.

Majuzi Chebet alikuja kunitafuta, naye sasa ni nyanya. Tulikuwa tumemzika Kogo miaka mingi iliyopita. Alitoa bahasha akaniuliza kama naweza kusafisha picha nyingine, maana hii iliharibika. Nikaitoa. Katikati kabisa, pale kwenye taa, palikuwa na tundu, na karatasi kando yake ilikuwa imelainika na kuwa nyeusi kwa mafuta ya kidole. Hasira ya miaka yote ya Mkuu ikanipanda.

"Nani ametoboa picha?"

"Mimi," Chebet akasema. "Na sindano. Yeye ndio alinituma. Alisema kidole kinazunguka hapo usiku na haipati taa."

Nilimwambia negativu ninayo, nitamsafishia mpya, lakini hii naomba abaki nayo pia, asiitupe. Kisha nikaipeleka dirishani nione imeharibika kiasi gani. Niliiinua kwenye mwanga wa asubuhi. Mlima ulikuwa mweusi wote, na taa ilikuwa inawaka.